Nukta zinazopotea na kalamu iliyogoma

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga, na jioni nasomesha madrasa Ngamiani. Nina Galaxy Tab A8 niliyoletewa na kaka yangu kutoka Muscat, nataka niandikie maandalio ya masomo kwa mkono, ya Kiswahili na ya Kiarabu. Kwanza nilinunua kalamu ya mpira, herufi zikatoka kama za mtoto wa chekechea. Nikanunua nyingine nyembamba, nyepesi, haina betri, ncha yake ukiibonyeza inaingia ndani kidogo. Muuzaji akaniapia kuwa ni ya Samsung, lakini haiandiki hata mstari mmoja. Mwenzangu akaniazima ya kuchaji. Hiyo inaandika, ila mistari inatetemeka, nukta zinapotea, na mkono ukigusa kioo ukurasa wote unachafuka. Nataka ncha nyembamba kama Bic. Ninunue ipi?

Marahaba mwalimu, na pole kwa hela iliyokwenda. Nianze na hiyo kalamu iliyogoma, maana jibu lako lote limo humo. Kwa ulivyoieleza, si mbovu, na muuzaji hakukudanganya kwa asilimia mia. Inaelekea ni kalamu ya Samsung kweli, ile inayoitwa S Pen. Tatizo ni kwamba Tab A8 haikutengenezwa kuisikia. Sisi watu wa Tanga na baiskeli zetu jambo hili hatuhitaji kusomeshwa: tairi la 28 halikai kwenye ringi ya 26, hata liwe jipya, hata ulilipie mara mbili. Wewe umenunua tairi zuri. Ringi ndiyo siyo.

Watu wengi huanza kwa kuuliza kalamu. Mimi nikiletewa swali hili huuliza kwanza: nyuma ya kioo kuna nini?

Chini ya kioo cha Tab A8 kuna wavu wa nyuzi zisizoonekana kwa macho, zimepishana kama ukili wa mkeka. Kila uzi una umeme kidogo. Mwili wa mtu hupitisha umeme, kwa hiyo kidole kikitua, umeme wa mahali pale unapungua, na tableti inapiga hesabu ya kujua umepungua zaidi wapi. Nyuzi zenyewe zimeachana kama milimita nne au tano. Kidole ni kinene, kinazigusa kadhaa kwa pamoja, na hesabu inatoka safi. Ncha nyembamba ya plastiki haipunguzi kitu. Kioo hakijui kama ipo, kama vile usivyoweza kufungua simu kwa kuigusa na ukucha mtupu.

Kwa hiyo ile kalamu ya mpira haikuwa nene kwa uzembe wa aliyeitengeneza. Kichwa chake cha milimita tano hadi nane kinaigiza kidole. Ukikichonga kiwe chembamba, kioo kinakuwa kiziwi. Kuna jamaa yake yenye kisahani cha plastiki angavu mwishoni, unaona unapoandikia kupitia kisahani chenyewe. Kwa kuchora mistari mirefu inafaa. Kwa mwandiko wa Kiarabu, ambao mkono unainuka na kutua kila mara, kisahani kinachelewa kulala sawa na herufi inaanza pembeni. Nilikuwa nayo, nikampa mtoto wa jirani achoree samaki.

Hiyo ya kuchaji uliyoazimwa ni janja zaidi. Ndani ina betri na saketi, inatoa umeme wake kupitia ncha ya milimita moja na nusu hivi ili kioo kidhani kimeguswa na kidole. Kioo kinadanganyika, lakini si kwa utulivu. Jaribu hivi leo usiku: weka rula ya plastiki mshazari juu ya kioo, kisha pitisha kalamu polepole sana, mwendo wa konokono. Mstari utatoka na mawimbi, na ukiyatazama vizuri utaona yameachana kwa nafasi inayokaribia kulingana. Huo ni wavu unajichora wenyewe. Kalamu ikiwa juu ya uzi hesabu ni sawa, ikiwa kati ya nyuzi mbili hesabu inayumba. Ukipitisha haraka mawimbi hayaonekani sana, na ndiyo maana muuzaji dukani, akitaka kukuonyesha kalamu, huandika jina lake mbiombio na kulipigia mstari wa madaha.

Kuhusu mkono: kioo chako kinaona vidole viwili, kimoja ni kalamu na kingine ni kiganja, na hakina namna ya kujua kipi ni kipi. Programu nyingine hujaribu kubahatisha kwa ukubwa wa alama. Hubahatisha vibaya. Na wewe una mzigo wa ziada. Anayeandika kwa mkono wa kulia kutoka kushoto kwenda kulia, mkono wake unatangulia kwenye sehemu nyeupe. Kwenye Kiarabu mkono unafuata nyuma, unapita palepale ulipotoka kuandika, kwa hiyo kila kosa la kiganja linaangukia juu ya neno lililokwisha kukamilika.

Nukta ndizo zilizonifanya nikae chini nikuandikie kirefu. Nukta ni mguso wa kufumba na kufumbua. Programu nyingi za kuandikia zikiona mguso mfupi namna hiyo huuchukulia kuwa umegonga tu, kama mtu anayegonga kitufe, au ni uchafu wa kioo, na zinautupa. Mwandishi wa herufi za Kirumi atapoteza kichwa cha i na asijali. Wewe ukipoteza nukta, be, te, the, nuni na ye katikati ya neno vyote vinabaki jino moja. Umeandika bint au bayt? Msomaji aamue mwenyewe kama ni binti au nyumba.

Sasa njoo upande wa pili. Vifaa vya Samsung vinavyopokea S Pen vina ubao mwingine nyuma ya skrini, mbali na ule wavu wa vidole. Ubao huo hutoa mawimbi ya sumaku-umeme. Ndani ya kalamu kuna koili, yaani waya uliozungushwa, na kapasita, kidude kinachoshika umeme kidogo; vikifikiwa na mawimbi hayo vinaitikia, na ubao unasikiliza mwitikio umetoka wapi. Ukikandamiza ncha, mwitikio unabadilika kidogo, tableti inajua umekandamiza kiasi gani. Ndiyo ile ncha yako inayoingia ndani. Kalamu haihitaji betri kwa sababu nguvu inaipata kwenye ubao wenyewe. Teknolojia hii ni ya Wacom, kampuni ya Kijapani, na Samsung imekuwa ikiitumia tangu Galaxy Note ya kwanza ya mwaka 2011. Kwa kuwa kalamu ina njia yake na kidole kina yake, tableti ikiisikia kalamu inaweza kukipuuza kiganja kabisa. Hapo ndipo unapoweza kuulaza mkono kama kwenye daftari.

Ncha ya kalamu hizo ni milimita 0.7. Bic ya kawaida, ile tunayoandikia sote, kigololi chake ni milimita 1.0. Kwa hiyo unachokiomba kipo siku nyingi, tena chembamba kuliko ulivyoomba.

Lakini nikuondolee dhana moja. Wembamba wa ncha na wembamba wa wino ni mambo mawili. Kwenye karatasi, ncha ndiyo inayoamua mstari. Kwenye tableti, mstari unaamuliwa na programu: unaweza kushika kalamu nene kama mwiko ukaandika mstari mwembamba kama unywele, ilimradi umeuchagua hivyo kwenye mipangilio. Ncha nyembamba kazi yake ni kukuwezesha kuona unapotua. Fanya hesabu ya kifaa chako. Tab A8 ina kioo cha inchi 10.5 chenye vitone vya picha (pikseli) 1920 kwa 1200, kwa hiyo kitone kimoja ni kama milimita 0.12. Ncha ya 0.7 inafunika vitone sita. Ile ya kuchaji ya 1.5 inafunika zaidi ya kumi na viwili. Ile ya mpira ya milimita sita inafunika hamsini, na nukta yako yote imo chini ya kivuli hicho. Unaweka kwa kukisia. Ndiyo maana mwandiko wako ulirudi chekechea. Mkono haukusahau kuandika, macho yalizibwa.

Kwa hiyo kwa Tab A8 uliyonayo sikushauri kutafuta kalamu ya aina ya nne. Hakuna kalamu duniani itakayoipa ule ubao ambao haina. Endelea na ya kuchaji, au nunua ya kwako ya bei ya chini kama hiyo, halafu tumia mbinu.

Mbinu kubwa ni dirisha la kukuzia. Baadhi ya programu za kuandikia zina kisanduku kinachofunguka chini ya ukurasa: unaandika humo kwa herufi kubwa, na juu kwenye ukurasa zinatua ndogo. Mtetemeko wa mistari unasinyaa pamoja na herufi, na mkono unakaa chini, mbali na ulichoandika. Angalia tu kama kisanduku kinaweza kusogea kuelekea kushoto. Kama kinajisogeza kulia chenyewe, zima kujisogeza huko, usogeze kwa kidole kila ukifika ukingoni. Inachosha siku mbili za kwanza.

Kwa nukta, rudi kwenye khati (mtindo wa mwandiko) ya ruqaa, ambayo naamini unaijua kuliko mimi. Humo nukta mbili huandikwa kistari kifupi na tatu huandikwa kama paa dogo la nyumba. Kistari kina mwanzo na mwisho, programu haikichukulii kuwa kugonga, haikitupi. Nukta moja nayo usiigonge. Izungushe kidogo, au ivute nusu milimita. Nilimwonyesha hivyo kijana mmoja anayeandika mashairi kwa herufi za Kiarabu, akacheka kuwa nimemwongezea kazi, lakini tangu siku hiyo hajaniletea lalamiko la nukta.

Kwa kiganja, kunja kipande cha leso mara nne au tano ukilaze chini ya mkono. Kitambaa kimoja chembamba hakizuii kitu, kioo kinakuhisi kupitia hapo. Unene ndio unaosaidia. Wapo wanaouza glavu za vidole viwili kwa kazi hii. Katika kaskazi ya mwezi wa pili, na joto letu hili, utaivaa mara moja tu.

Nalo jasho lina habari yake. Tone la maji au jasho linapitisha umeme, kwa hiyo kwenye kioo cha kawaida linaweza kuhesabiwa kuwa kidole, na mstari ukaruka kutoka hapa hadi kule bila kuguswa na mtu. Futa kioo mara kwa mara, na usiandike chini ya feni ukiwa umetoka kutawadha na mikono haijakauka. Kalamu yenye ubao wake haijali tone la maji, maana haipiti kwenye wavu ule. Kwa mtu wa pwani, hiyo peke yake ingenitosha kuichagua.

Ukiamua kubadilisha kifaa, chaguo langu kwa mwalimu ni Galaxy Tab S6 Lite. Ilitoka 2020, ikarudiwa 2022 na 2024, na kalamu huja nayo kwenye boksi. Kalamu yake haichajiwi kabisa; umeme ukikatika, kinachohitaji chaji ni tableti tu. Iliyotumika ikiwa nzima haina ubaya. Jihadhari na majina: ukoo wa Tab S umekuwa ukija na kalamu tangu Tab S3 ya 2017, lakini Tab S5e ya 2019 ina herufi ya ukoo huohuo na haipokei kalamu. Na ukoo wa Tab A kwa kawaida haupokei, ila yalitoka matoleo machache yaliyotengenezwa maalumu na S Pen. Kwa hiyo mtu akikwambia "Samsung zote ni moja", mshukuru, ondoka. Kalamu za simu za kukunja za Galaxy Z Fold nazo usizichanganye na hizi, zina masafa yao ya mawimbi.

Upande wa iPad mambo ni mazuri na bei ni ndefu. iPad za kawaida zilianza kupokea Apple Pencil mwaka 2018, toleo la sita. Pencil ya USB-C iliyotoka 2023 haipimi mkandamizo, na kwa maandishi ya kawaida hutaona pengo hilo. Zipo pia kalamu za bei nafuu za kampuni nyingine zilizotengenezwa kwa iPad za 2018 na kuendelea, zinazokipuuza kiganja vizuri tu. Hizo hazifanyi kazi kwenye tableti za Android kama hiyo yako, hata zifanane vipi na ya kuchaji uliyoazimwa. Hapo nimewahi kuumia mimi mwenyewe: nilisoma "inakataa kiganja" kwenye boksi, nikalipa, nikafika nyumbani nikakuta inakataa tableti nzima. Huawei, Xiaomi na Lenovo kila mmoja ana kalamu yake kwa tableti zake. Ukinunua huko, nunua tableti na kalamu siku moja, duka moja, na uzijaribu pamoja.

Kishikwambi cha shule, kama na wewe ulipata katika vile vilivyogawiwa walimu baada ya Sensa ya 2022, kiache kwa kazi yake. Si chako kukibadilisha, na kalamu usiinunue kabla hujakijaribu.

Wauzaji watakutajia ngazi 4096 za mkandamizo. Hizo ni za wachoraji. Kwa maandalio ya somo hata ngazi kumi zingekutosha, na ukiandika khati ya naskhi kwa herufi ndogo utaweka wino wa unene mmoja tu. Siku ukitaka kuandika khati ya kutundika ukutani, yenye unene na wembamba, hapo tutazungumza. Na hata hapo utagundua kuwa kijiti kilichokatwa mshazari kutoka kwenye tete la mwanzi, ambacho ndicho kilichoipa kalamu jina lake tangu kwa Wayunani, bado hakijapata mrithi.

Protekta: ukiweka kioo kinene cha juu, macho yanaona wino uko chini na ncha iko juu, na mwandiko unahama kidogo, hasa ukitazama kwa upande. Weka nyembamba. Zile za kukwaruza kama karatasi zina raha ya mkono, mimi nazipenda, lakini zinakula ncha kama msasa, kwa hiyo nunua pamoja na pakiti ya ncha za akiba. Kubadilisha ni kuishika ncha kwa kibano, kuivuta moja kwa moja, na kusukuma mpya. Ikishakuwa bapa upande mmoja usingoje.

Mchanga ni adui mkubwa kuliko ncha yoyote. Plastiki haikwaruzi kioo, lakini chembe ya mchanga ni ngumu kuliko kioo, na ikinasa chini ya ncha unachora mtaro usiofutika. Ukienda na tableti Raskazone kupunga upepo wa bahari, ipanguse kabla hujaandika neno la kwanza.

Na kava za sumaku. Ubao wa S Pen unasikia sumaku, na kava yenye sumaku kali inaweza kufanya kona moja iwe kiziwi au mstari upinde ukikaribia ukingo. Watu hubadilisha kalamu tatu kabla ya kuvua kava.

Kwa hiyo ile kalamu uliyodhani umetupa hela usiitupe. Ifunge kwenye kitambaa, uende nayo dukani. Ukionyeshwa tableti, vua kava, iwashe, ifungue hadi skrini ya kwanza, kisha ielekeze ncha juu ya kioo bila kukigusa, kama sentimita moja hivi. Ikitokea alama ndogo inayoifuata ncha kila inakokwenda, ubao upo nyuma. Itembeze hadi kona zote nne, halafu chukua rula, chora mshazari polepole, andika bint na bayt mkono ukiwa umelala. Nukta zote zikitua, anza kupatana bei.